Pikapu iko vipande vipande: niioke poda au nipige rangi ya kawaida?

Shikamoo Fundi,

Nakusoma siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imebidi tu maana nyumbani hapakaliki. Nina pikapu aliyoniachia marehemu baba, nimeifungua yote mpaka chesisi, yaani chesisi sahivi iko nyuma ya nyumba juu ya matofali na vyuma vingine viko ndani, mke wangu kashasema siku akikuta tena mkono wa sasipensheni kwenye kochi mimi na huo mkono tunalala nje. Injini imeshamalizwa. Kilichobaki kabla sijaanza kurudishia ni rangi ya vyuma vya chini, na hapo ndo nimekwama mwezi wa pili huu.

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, kwake ni podakoti tu, ile rangi ya unga inayookwa kwenye oveni. Anasema peleka kila kitu, chesisi, rimu, kalipa za breki, mpaka shokapu, ukishaoka umemaliza hutagusa tena. Fundi anayenipigia bodi yeye anacheka, anasema poda ni ya mageti na viti vya bustani, gari ni praima (rangi ya kwanza ya chini) na rangi yenye hadina, ile dawa ya kuigandisha, basi. Wote wanaongea kwa uhakika kweli kweli, na nikimsikiliza huyu namuudhi yule.

Na mimi nina kidonda changu. Miaka mitatu nyuma nilipeleka bamba (bampa) ya mbele, ya chuma, nikapigiwa poda nyeusi, ikarudi inang'aa mpaka najiona. Msimu wa mvua wa pili ikaanza kuvimba pembeni ya matundu ya bolti. Nikaingiza ukucha nikavuta, ikaja kipande kirefu kama ganda la ndizi, chini yake kutu mbichi yenye unyevu, na pale palipotoka chuma kilikuwa laini kabisa kama hakijawahi kupigwa msasa. Nikarudi kwa aliyenipigia akaniambia ni mawe ya barabarani. Mawe yanabandua rangi kwa urefu wa kiganja kweli?

Vitu nilivyonavyo ni chesisi (nyuma ina vishimo vya kutu, sehemu mbili nimeshajaza puti, ule udongo wa kuzibia bodi), ekseli ya nyuma, mikono ya sasipensheni, springi za mbele za koili na za nyuma zile za mapande, rimu tano za alumini ambapo moja iliwahi kupasuka ikachomelewa kabla sijaipata, kalipa, manifoldi ya egzosi, trei ya betri na vibano vidogo vidogo ndoo nzima. Nipige nini wapi? Nisije nikapigwa mara ya pili.

Mwenye kochi lenye grisi

*

Marahaba kijana wangu,

Nianze na bamba maana jibu la mengine yote limelala humo humo. Umesema mwenyewe, chuma chini kilikuwa laini. Basi hapo sio mawe, jiwe lilifungua mlango tu. Chuma kinatakiwa kipigwe mchanga mpaka kiwe cha kijivu kisichong'aa, ukipitisha kidole kinakwaruza kama ulimi wa paka, rangi ipate pa kushika. Cha kwako kilifutwa juu juu, pengine na rangi ya zamani ikakwanguliwa tu, poda ikamwagwa ikaokwa. Ikitoka kwenye oveni hutaona tofauti yoyote, ndo ubaya wake, poda inaficha kila dhambi siku ya kwanza.

Sasa poda ikiwa haijashika inakuwa kama soksi iliyovishwa chuma. Ni koti moja nene, mara nyingi maikroni 60 mpaka 100 na kitu, wakati koti moja la rangi ya kawaida huwa 30 mpaka 50 hivi. Unene huo ndo unaofanya ivumilie vigongo kuliko rangi, hapo shemeji yako hajakosea. Ila siku ikitoboka sehemu moja maji yanaingia chini ya soksi, hayatoki, yanatembea, na wewe juu unaona gari safi linang'aa. Rangi ya kawaida ikishindwa inashindwa waziwazi, inachunika, unaona kutu, unapiga msasa pale pale unagusia na brashi. Poda huwezi kugusia kwa poda. Inabidi kipande chote kifunguliwe, kipigwe mchanga upya, kirudi oveni, au ukubali kupaka rangi ya kopo juu yake na ionekane kiraka.

Kwa hiyo hawa ndugu zako wanagombania swali ambalo halipo. Kila chuma ulichotaja ukishike mkononi ujiulize mambo mawili, hiki kinaweza kuingia kwenye joto la nyuzi 180 mpaka 200 kikatoka salama, na siku kikichunika nitaweza kukifungua tena au nitakuwa nimelala chini ya gari na brashi. Ukijibu hayo kipande kwa kipande ndoo yako inajigawa yenyewe.

Chesisi mi nasema rangi, na sitayumba. Kwanza ile puti uliyojaza haiwezi oveni, puti ya kawaida ya bodi kwenye joto lile inavimba, inapasuka, inaachia. (Hata wale wa zamani waliokuwa wanajaza kwa madini ya risasi, ile ya kuchanganya na madini ya bati inaanza kulainika kwenye nyuzi 183, itadondoka ndani ya oveni.) Zipo puti za kuvumilia joto, lakini wewe puti kwenye chesisi ya kazi gani? Kama kishimo ni cha kutu ya juu acha kionekane, ni chesisi sio kabati la vyombo, na kama chuma kimekonda mpaka kinahitaji kujazwa basi kinahitaji kukatwa na kuchomelewa bati jipya. Itoe hiyo puti. Nimeshagonga chesisi moja kwa nyundo ndogo, imepakwa vizuri nyeusi tii, mlio ukabadilika kutoka ngii kwenda dubu, nikaongeza nguvu kidogo nyundo ikaingia ndani. Gonga na yako yote kabla hujafikiria rangi ya aina yoyote.

Pili chesisi yako ina maboksi yaliyofungwa. Poda inarushwa ikiwa na chaji ya umeme, chuma kinafungwa waya kinaivuta, na umeme huo una tabia ya kukimbilia kingo na nyuso za nje, ukifika kwenye kona za ndani na mifuko unakataa kuingia. Kwa hiyo kona za ndani, ambako ndo tope linakaa, zinapata poda nyembamba kuliko nje, na ndani ya boksi hakuna kitu kabisa. Rangi ya kawaida unaweza kuipeleka kwenye kona kwa brashi, na ndani ya boksi unapuliza nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu kupitia yale matundu. Nta hiyo usiiache hata ungeamua poda, ila iwe ya mwisho kabisa baada ya kila kitu, maana ikitangulia hakuna rangi itakayoshika karibu na matundu.

Utaratibu ni huu. Osha grisi kwanza ndo upige mchanga, sio kinyume chake, ukipiga mchanga juu ya grisi unaishindilia kwenye chuma. Ukimaliza mchanga usiende kulala, chuma kitupu kinaanza kupata rangi ya chai ndani ya masaa kama hewa ina unyevu, praima ya epoksi ipigwe siku hiyo hiyo. Makoti mawili ya epoksi, afu rangi ya juu ya 2K, ile yenye hadina, kwa sababu epoksi peke yake haipendi jua, inapauka inakuwa chokaa. Na ukiwa unapuliza hizo za hadina tafadhali, zina kemikali ya isosianeti, kitambaa puani sio barakoa, mtu akishazoeshwa mapafu yake na ile kitu anaweza kupata pumu ya kudumu, afu baadaye hata harufu kidogo inamrudishia. Mwachie mwenye chumba na barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira.

Ekseli nayo rangi. Ni donge la chuma, linachelewa kushika joto, na kwenye kuoka zile dakika 10 mpaka 20 zinahesabiwa kuanzia chuma chenyewe kifike kwenye joto, sio hewa ya oveni. Mwenye haraka anaangalia saa ya oveni anatoa, chuma kinene hakijafika, poda haijaiva, inakuwa inapasuka kama chips. Juu ya hapo ekseli imelowa oili miaka yote hiyo, ikipata joto inatoa jasho kwenye mishono ya kuchomelea na poda inaota malengelenge.

Vibano, trei ya betri, bamba mpya ukiitaka, hivyo peleka poda bila kufikiria. Ni vidogo, vinaingia oveni vikiwa uchi, vikichunika unafungua bolti mbili unavirudisha. Trei ya betri hasa, asidi inakula rangi ya kawaida haraka, poda inajitahidi zaidi. Waambie tu waanze na poda ya praima yenye epoksi au zinki chini, afu ya juu iwe poliesta, maana poda ya epoksi nayo ni ile ile, juani inapauka.

Springi za koili poda sawa, nyingi zinatoka kiwandani nayo na joto la oveni ni dogo kuliko lile zililopitia zikitengenezwa. Zile za mapande sio, mapande yanasuguana yenyewe kwa yenyewe, unene unasagika unakuwa uchafu katikati, fungua, safisha, rangi nyembamba kila pande, funga.

Shokapu! Shemeji yako umwambie nimemwomba asiisogeze shokapu karibu na oveni. Ndani kuna oili na nyingi zina gesi yenye presha, sili ni za mpira, ukiipasha nyuzi 200 umetengeneza bomu. Sandipepa laini, rangi ya kopo, uifunike ile fimbo yake inayong'aa isiguswe hata na tone.

Manifoldi poda ya kawaida itaungua siku ya kwanza. Huko ni koti la seramiki kama una hela ya kuchezea, la sivyo rangi ya silikoni ya joto kali, zile za kuanzia nyuzi 600, na ufuate maelekezo ya kuipasha taratibu ikaushwe na injini yenyewe. Kalipa inategemea. Kama unazifumua na kuweka sili mpya, poda inawezekana, sili na pistoni zitoke kwanza, silinda na njia za oili zizibwe, na faida yake ni kwamba oili ya breki ikimwagika rangi ya kawaida inakunjamana palepale. Kama hufumui paka kwa brashi rangi ya kalipa uendelee na maisha.

Sasa rimu, hapa kaa vizuri.

Alumini ya rimu nyingi imeimarishwa kwa joto kiwandani, na hatua ya mwisho ya kuiimarisha inafanyika kwenye nyuzi 150 na kitu mpaka 180 hivi. Sasa wewe unaipeleka 200. Mara moja, dakika chache, kwa kipimo, wengi wanafanya na rimu zinatembea. Lakini ikiokwa, ikakosewa, ikaokwa tena, ikabadilishwa rangi mwaka ujao, kila mara unaila nguvu kidogo na kwa macho hutaona. Zipo poda zinazoiva kwenye nyuzi 160 au chini ya hapo, ulizia hizo, na kama mwenye kiwanda cha rimu anakataza kupasha basi anakataza. Hatari kubwa zaidi ipo kwenye kutoa rangi ya zamani. Wapo wanaoichoma kwenye tanuru, nyuzi 350 na kupanda, kwa chuma cha geti sawa, rimu ya alumini ikitoka humo ina sura ya rimu lakini sio rimu tena. Uliza kabla hujaacha mzigo, mnatoa rangi kwa nini? Wakisema dawa ya alumini au mchanga laini, sawa. Wakisema tunachoma, beba rimu zako.

Alumini ya kumwagwa ina vinyweleo vya hewa ndani, ikipata joto hewa inatoka kupitia poda mbichi unabaki na vitundu kama umechoma na sindano. Anayejua kazi anaipasha kwanza ikiwa tupu itoe hewa yake, ila hayo ndo masaa ya joto yale yale tunayoyabania, kwa hiyo umuulize jumla inakaa oveni mara ngapi.

Halafu pale nati inapokalia. Poda ikiwa nene pale, nati inabana poda badala ya kubana chuma, ukiendesha inasagika, inakonda, nati inalegea. Nimeshuhudia gari limetoka kuokwa rimu, mwenyewe anasema usukani unatetemeka, nikaweka spana nati zikazunguka kwa vidole viwili, na kwenye vikalio vyake poda imesagika imekuwa unga wa rangi ile ile. Vikalio vya nati na uso wa nyuma unaogusana na habu vizibwe visipate poda. Na hata hivyo kaza tena kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 50 mpaka 100.

Ile iliyochomelewa usiipake chochote. Joto la kuchomelea limeshaua ule uimara pale na pembeni yake, na poda ndo itaficha ufa ukirudi. Nne zilizobaki zipimwe nyufa zikiwa uchi, kuna dawa nyekundu, unapaka, unasubiri, unafuta kabisa, unapuliza nyeupe, kama kuna ufa unajichora wenyewe mstari mwekundu unautazama hivi hivi. Mstari ukitokea rimu hiyo imekwisha, usimwonee huruma.

Kwenye kuziba usiwaachie wafikirie wao. Matundu yenye nyuzi za bolti, viti vya beringi, na ule mguu ambao waya wa hasi wa betri unafungwa, poda haipitishi umeme, watu wamebadilisha alteneta mbili wakitafuta tatizo ambalo ni rangi chini ya bolti. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma usiruhusu ipigwe mchanga mzito wala koti nene, izibwe, afu uipitishie rangi nyembamba mwenyewe, vinginevyo siku ya ukaguzi utakuwa unaeleza kwa nini gari halina namba.

Na kabla ya kuwapa ndoo nzima wape kibano kimoja. Kikirudi, chukua kitambaa kilicholowa thina sugua sehemu ya nyuma, kama poda inakuwa ya kunata au inatoka nyingi, haikuiva. Kata mistari midogo ya kukatizana kwa wembe mpaka kwenye chuma, bandika utepe wa gundi, vuta kwa nguvu. Vikitoka vimraba, unajua bamba yako iliokwa na watu wa aina gani.

Mikono ya sasipensheni nayo poda, nimeiacha mwisho kwa sababu ya mama watoto. Ila haiwezi kwenda hivyo ilivyo, bushi za mpira na jointi zenye grisi zinaungua, zote zitolewe kwa presi kwanza, matundu yake yazibwe yabaki chuma kitupu ili bushi mpya ziingie zimebana. Kwa hiyo itoe kwenye kochi leo uipeleke ikatolewe bushi.